Ombi la Kuondolewa kwa Ngazi za Sinagogi Yetu

Tirza Fruhman,
Mtaa wa Alderley,
Leeds.
Jumatano, juma la ndoto ya Yakobo.

Kwa Bwana Montague Lissack,
Mwenyekiti wa Halmashauri ya Sinagogi.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUONDOLEWA KWA NGAZI ZA ROSHANI YA WANAWAKE, PAMOJA NA VIPANDIO VINGINE VYOTE

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na mafua yamekuacha. Sabato iliyopita nilikusikia ukipiga chafya. Nilikusikia vizuri kwa sababu mlango ulikuwa wazi kidogo, nami nilikuwa nimekaa chini ya koti lako.

Bi. Ashdown, mwalimu wetu wa lugha shuleni, ametufundisha kwamba barua rasmi hutaja shida kwanza, sababu baadaye, na haidondoshewi machozi. Nitajitahidi. Shida yangu ni ngazi. Naomba ziondolewe kabla ya Sabato hii. Najua muda umebana, lakini Baba ana nyundo na msumeno, na kubomoa hakuhitaji vikao vingi kama kujenga.

Wewe unanijua, ila labda hujui shida yangu yote, maana kila tukikutana huniuliza kama kiti changu cha magurudumu kinakwenda vizuri. Kinakwenda vizuri sana, ahsante. Kinakwenda kila mahali palipo sawa. Jumamosi hii natimiza miaka kumi na miwili, nami nitahesabiwa mtu mzima mbele ya amri zote. Kama ujuavyo, katika sinagogi yetu msichana aliyefikia siku hiyo, siku ya bat mitzva, hukaa mbele kabisa ya roshani, huko juu wakaako wanawake, penye ukingo, ibada ikishakwisha. Hutoa hotuba juu ya somo la Torati la juma hilo. Akimaliza, hutupiwa peremende. Wanawake humtupia kutoka nyuma, wanaume kutoka chini, na kwa kuwa wanaume hurusha kwenda juu, peremende zao nyingi huwarudia wenyewe vichwani. Rafiki yangu Zelda Pinsker alitupiwa zake mwezi uliopita. Alipigwa sikioni, shingoni na kwenye meno. Anasema hajawahi kufurahi vile tangu azaliwe. Mimi nilisikia vishindo tu.

Nataka kutupiwa peremende. Mengine yote nitakayoyaandika yanatoka hapo.

Bi. Ashdown anasema pia kwamba mlalamikaji mwenye adabu hutanguliza shukrani, na shukrani iwe ya kweli. Basi nashukuru kwa waya. Sheria yetu inakataza kusukuma au kubeba kitu barabarani siku ya Sabato, isipokuwa ndani ya eneo lililozungushiwa mpaka. Wazee wetu walihangaika miaka mingi, wakabishana na ofisi ya jiji, na majirani, na wao kwa wao, mpaka waya ukapita juu ya nguzo na kuuzunguka mtaa mzima, ili Baba aweze kunisukuma hadi kwenye ibada. Kila nikipita chini ya waya ule huupungia mkono. Umenitoa nyumbani, umenivusha barabara kuu, umenifikisha mlangoni pa sinagogi. Kutoka hapo hadi mahali pangu zimebaki ngazi tu.

Sasa nalalamika, kwa mpangilio.

1. Lifti. Tunayo lifti, na ni nzuri. Ina kioo, ina reli ya shaba, na ina bamba lililoandikwa "Ili wote wapande". Ilizinduliwa siku ya Jumapili. Wewe ulikata utepe, mimi nikawa abiria wa kwanza, nikapigwa picha huko juu roshani nikicheka. Tangu siku hiyo lifti hufanya kazi kuanzia Jumapili hadi Ijumaa mchana, yaani siku ambazo juu hakuna mtu. Sabato ikiingia, kwa kuwa hatuwashi wala hatuzimi umeme kwa mikono yetu, hufungwa kwa ufunguo. Picha yangu nayo ilitiwa fremu na kutundikwa roshani. Haijakosa ibada hata moja. Zelda anasema iko mahali pazuri karibu na dirisha, na wageni huisifia utulivu wake. Ndugu Mwenyekiti, picha yangu ina mahali huko juu na mimi sina. Nimeanza kuionea wivu. Nilimwuliza Rabi Marwitz kama ni dhambi mtu kujionea wivu mwenyewe, akaniomba nimpe siku chache.

2. Kushuka. Utasema, kama ulivyokwisha kusema, kwamba lifti yaweza kutegwa tangu Ijumaa ijiendeshe yenyewe: ipande, ifungue mlango, ingoje, ishuke, siku nzima, pasipo mtu kugusa kitu. Ni kweli. Rabi aliulizwa, akajibu kwamba kupanda hakuna neno. Neno liko katika kushuka, kwa sababu anayeshuka huusaidia mtambo kwa uzito wake, na kuusaidia mtambo kunaweza kuwa kazi, na kazi siku ya Sabato ni mwiko. Swali hilo likapelekwa kwa rabi mmoja mzee wa London, bingwa wa mambo ya mitambo. Bado analitafakari. Bibi yangu, Bibi Perla, ambaye unamfahamu na nadhani unamwogopa kidogo, anasema swali la mtoto mmoja husafiri kwa mgongo wa kobe, na kobe mwenyewe amesinzia njiani.

Halmashauri ikaamua kwa busara yake kwamba asiyeweza kushuka asipande. Mimi nikatia karatasi katika kisanduku cha maoni, nikasema nitapanda na nitabaki huko huko mpaka Sabato iishe. Huu ni mwezi wa Novemba. Sabato huisha nyota zikitoka, na hapa Leeds hutoka mapema, zikipewa nafasi na mawingu. Nitabeba mkate. Jibu nililetewa kwa mdomo na Bwana Hyam Gluck, mtunza ufunguo, aliyemwambia Bibi: "Mama Perla, mtoto hawezi kuachwa huko juu peke yake mchana kutwa. Atajiona ametengwa."

Bibi akamwuliza: "Na hapa kwenye makoti yuko na nani, Hyam mwanangu? Na miavuli?"

3. Korido. Hapo ndipo mahali pangu, kati ya makoti na jiko. Sitaki kukisema vibaya chumba ambacho si chumba. Nayajua makoti yote ya Jumuiya kwa harufu. Naweza kukuambia nani ameacha sigara na nani amemwambia mkewe kwamba ameacha. Linaloniumiza koridoni ni wema. Kila apitaye kwenda msalani huniinamia na kunipa kitu. "Maskini mtoto mzuri, chukua keki." Mama Sobel, mkuu wa jiko letu, hunijia na sahani: "Kula samaki, mwanangu, upate nguvu." Nguvu za kwenda wapi sijui. Katika ibada moja nilipewa keki ya asali, biskuti, samaki wa siki, keki ya asali tena, na kichwa changu kikapapaswa na watu wengi kiasi kwamba Mama alinisuka upya tulipofika nyumbani, baada ya Sabato kwisha. Mtu akijumuishwa kwa namna hii anaweza kuvimbiwa.

Na hapa naomba unisome polepole. Peremende pia mimi hupewa mkononi. Hutiwa katika kifuko chenye utepe, nami hukabidhiwa kama mtu anayepokea dawa. Mpango wa Sabato hii, kama nilivyoambiwa, ni kwamba nitoe hotuba koridoni, mlango ukiwa wazi, kisha Mama Sobel anikabidhi kifuko. Kikubwa zaidi kuliko vyote, aliniahidi. Za Zelda zilirushwa. Zangu zitakabidhiwa.

4. Ngome. Kamati ya Ujumuishi ilipendekeza mwaka jana niingizwe ndani, chini, kwenye kona ya upande wa wanaume, nyuma ya kiambaza cha kutenganisha, kwa kuwa wanaume na wanawake hatukai pamoja wakati wa sala. Kiambaza hakikuwapo. Kilichokuwapo stoo ni ule ubao wa vikaragosi wa Purimu, sikukuu ya kumkumbuka Malkia Esta, uliochorwa ngome ya mfalme na kukatwa dirisha katikati. Nikawekwa nyuma ya ngome. Nilifuata sala kwa unyenyekevu wote, lakini kila nilipoinua kichwa kilitokea dirishani. Watoto wadogo wakaja mmoja mmoja, wakakaa sakafuni mbele yangu, wakangoja. Torati ilipokuwa inatolewa kabatini, na watu wote wamesimama kimya, mmoja akapaza sauti:

"Huyo ni Malkia Esta! Mbona hasemi?"

"Nyamaza wewe, anamngoja yule adui yake Hamani atoke!"

"Hamani ni nani leo?"

"Yule pale mwenye ndevu!"

Yule pale mwenye ndevu alikuwa Rabi Marwitz. Nikarudishwa koridoni kwa heshima zote. Watoto walilia kwa kuwa mchezo ulikatizwa, na mmoja wao bado hunipungia mkono barabarani akiniita Mtukufu.

5. Sabato ya Ujumuishi. Mwezi uliopita mlileta mgeni kutoka mbali azungumze juu ya kuwashirikisha watu wenye ulemavu. Tangazo kubwa lilisema WOTE MNAKARIBISHWA, nalo lilibandikwa kwenye mlango wa korido, upande wa ndani. Mgeni alipoanza kusema, mtu mwema akaufunga mlango ili nisipigwe na baridi. Nadhani hotuba ilikuwa nzuri sana, maana watu walitoka wakifuta macho. Bibi mmoja, simtaji, akanishika mikono yote miwili.

"Ungesikia, binti yangu! Amesema tusimwache mtu yeyote nje!"

Nikamwambia ningependa kusikia.

"Yaani amenigusa hapa," akasema, akajigusa kifuani, akachukua koti lake juu ya kichwa changu, akaenda zake.

6. Viti. Hili nimelifikiri peke yangu, halikutoka kwa Bibi. Mimi huja sinagogi na kiti changu tangu nina miaka mitatu. Wengine wote huja mikono mitupu, na Jumuiya imewanunulia viti, tena vyenye mito. Sisemi ni vibaya. Watu wasiokuja na viti nao ni watu. Lakini ukitazama, utaona ni vifaa vingi maalumu vilivyowekwa kwa ajili yao tu: viti, ngazi, ili miguu yao isikae bure, reli za kushikilia, kwa sababu wana tabia ya kuanguka, taa za ngazini, na zulia jekundu ili wasiteleze. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa angoje jibu kutoka London. Nauliza kwa nia njema kabisa: je, huduma hii kwa wenye miguu haijawa kubwa kuliko tulivyokusudia? Na je, haingefaa ipunguzwe kidogo, walau mpaka wajifunze kujitegemea?

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ombi langu ni hili.

Ngazi za roshani ziondolewe Ijumaa asubuhi, wakati hakuna mtu juu, maana sitaki kumwumiza yeyote. Zihifadhiwe vizuri. Nilikuwa nimefikiria chumba cha chini ya jengo, lakini kule hufikiwa kwa ngazi, nazo zitakuwa zimeondolewa, basi labda zikae bustanini kwa Bwana Gluck, naye afunge lango kwa ufunguo, kwa kuwa ana mazoea. Kisha viondolewe vipandio vya jukwaa la kusomea Torati, na vile vilivyo mbele ya kabati la Torati. Rabi ni mrefu, atafikia. Halafu viti. Kila mtu aje na chake, kama mimi. Atakayesahau atakaribishwa koridoni, ambako nitampa keki na kumpapasa kichwa.

Nimeyapima matokeo. Wanawake wote wa Jumuiya watafika Sabato asubuhi, wamevaa kofia zao nzuri, na hawatakuwa na pa kupitia. Nina hakika yule rabi mzee wa London atapata jibu. Kwa maneno ya Bibi Perla, swali la wanawake mia na ushee, wenye njaa na kofia, halipandi kobe. Litajibiwa kabla supu haijapoa. Na kama halitajibiwa, basi ibada yote ihamie koridoni. Nimepima kwa macho. Mtaenea, ila mvue makoti, na tatizo ni kwamba makoti yenyewe ndiyo yanayojaza nafasi. Hilo naiachia Kamati. Kamati hukutana maktaba, ambayo iko juu, kwa hiyo nayo itahitaji mahali. Nipo tayari kuwasogezea mwavuli mmoja au miwili.

Najua utanijibu kwamba jengo letu ni la kale na linalindwa na serikali. Utanikumbusha pia kwamba somo langu la Sabato hii, katika vitabu vyote vya Torati, ni lile la ngazi. Nimeliona hilo. Nimeandaa hotuba yake na Bibi tangu kiangazi. Yakobo amekimbia nyumbani, amelala nje, kichwa juu ya jiwe. Anaota ngazi imesimama ardhini na ncha yake inagusa mbinguni, na malaika wanapanda na kushuka. Watu wengi wameuliza tangu zamani: malaika wana mabawa, ngazi ya nini? Mimi nimeisoma habari hii mara nyingi sana, nami nimeona jambo lingine. Yakobo hakupanda. Hakuna aliyemwambia apande, wala hakuna aliyemwambia kwamba ni bahati mbaya hawezi kupanda. Alikuwa chini mwanzo hadi mwisho, na ahadi yake ikamjia pale pale chini. Na malaika, ambao wangeweza kuruka, walitumia ngazi, nadhani, kwa sababu aliyelala chini alihitaji kuona kwamba kuna wanaoshuka.

Hiyo ndiyo hotuba yangu kwa ufupi. Iliandikwa isomwe ukingoni, watu wakiwa mbele yake. Nikiisoma koridoni, sijui makoti yataipokeaje.

Jambo la mwisho silipi namba, kwa sababu si lalamiko. Bibi Perla ameniambia kwamba mama yako, marehemu Bi. Yetta Lissack, alikaa koridoni hapo hapo miaka yake ya mwisho, miguu ilipomshinda, chini ya kulabu ambayo sasa ni yako. Amesema lifti uliianza kwa ajili yake, na hakuishi kuiona ikipanda. Amesema Bi. Yetta aliimba kwa sauti kubwa kuliko roshani nzima, mpaka wanaume wakasahau aya zao. Na ameniambia kwamba siku ya bar mitzva yako, ulipotimiza miaka kumi na mitatu, Bi. Yetta alikuwa bado juu, penye ukingo, naye alikutupia peremende kwa nguvu hata ukatokwa damu puani. Watu wakashtuka. Bibi alikuwapo, alikuwa msichana mdogo. Amesema hukulia. Ulitazama juu ukasema: "Mama, nyingine!"

Sikuweza kuacha kuandika hilo.

Nisalimie Rabi Marwitz. Nisalimie Mama Sobel, na umwambie samaki walikuwa wazuri lakini watosha. Nisalimie Bwana Gluck pamoja na ufunguo, wajumbe wote wa Kamati ya Ujumuishi, rabi mzee wa London, na kobe. Ukipanda roshani, nisalimie picha yangu.

Ni mimi, ninayekungoja chini ya koti lako,

Tirza Fruhman.

NYONGEZA. Jumapili.

Tafadhali usiondoe ngazi.

Barua hii niliimaliza Jumatano, lakini Bibi Perla aliichukua ili akague makosa, na amenirudishia leo asubuhi. Amesema kosa hakuliona, ila hakujiamini, kwa hiyo aliipeleka kwa Rabi naye akague, halafu kwa Mama Sobel, halafu akaisomea foleni yote ya bucha siku ya Alhamisi. Huenda basi umekwisha kuijua. Naituma hata hivyo, kwa sababu Bi. Ashdown anasema barua isiyotumwa ni mawazo tu.

Wewe mwenyewe ulikuwapo, lakini naandika kwa ajili ya kumbukumbu. Ijumaa mchana ulikuja na Bwana Gluck, mkaitega lifti ijiendeshe. Bibi alikuwapo, kwa bahati, kama anavyokuwapo kila mahali. Anasema Bwana Gluck alimwuliza Rabi kama jibu la London limekuja, na Rabi akasema: "Halijaja. Lakini mimi nilisema kushuka tu ndiko bado. Nani kati yenu aliniambia kwamba mtoto yuko radhi kukaa huko juu?" Anasema mlitazamana, halafu Bwana Gluck akaushika ufunguo.

Nilipanda Sabato asubuhi. Nilikaa karibu na dirisha, mahali pa picha yangu. Picha yenyewe mtu aliishusha tangu Ijumaa akaitundika koridoni, juu ya kulabu, kwa hiyo sasa yeye ndiye anayewekewa keki.

Lazima niseme ukweli ingawa unaharibu hoja zangu. Huko juu hakusikiki kitu. Miaka yote hii nilidhani wanawake wanasali. Wanasali kidogo. Nimejua ni binti gani amemkataa mchumba wa Manchester na kuku wa bucha gani ni mgumu. Koridoni nilikuwa nikisikia kila neno la sala. Lile dai langu la kuwekwa mbali na ibada nimelifuta kwa kalamu.

Tena, ibada ilipokwisha na nilipomaliza hotuba pale ukingoni, ilikuwa wakati wa kushuka kula, na mimi sikuruhusiwa kushuka. Nikatoa mkate wangu. Bibi Perla akajikunja kitini, akasema: "Goti langu mimi halishuki mpaka nyota zitoke."

"Hata langu, shoga," akasema Mama Sobel. "Limekaza kama kuku wa yule bwana wa bucha."

Basi magoti ya roshani nzima yakakaza, hata la Zelda. Chini wanaume walikuwa wamesimama, wanatutazama, na harufu ya cholent inatoka jikoni; ile nyama na maharage na shayiri vilivyokuwa motoni tangu Ijumaa, na hakuna mwanamke wa kuipakua.

"Sasa chakula nani atakileta huko juu?" Bwana Gluck akauliza.

"Mna miguu, baba zangu," Bibi akamjibu. "Tuliwawekea na ngazi."

Ndiyo maana naomba zisiondolewe. Ulitangulia wewe na sufuria kubwa, tai yako ikiwa ndani ya mchuzi. Nyuma yako alikuja Rabi na mikate, halafu Bwana Gluck na sahani, ufunguo ukigongagonga kiunoni, halafu Kamati nzima ya Ujumuishi na vijiko. Mlipanda na kushuka, mkapanda na kushuka, mnahema, mnashikilia reli, na mimi nilikuwa juu nawatazama. Niliona kwamba hotuba yangu inahitaji kurekebishwa, lakini nilikuwa nimekwisha kuitoa. Hakuna aliyerudi nyumbani mpaka giza lilipoingia. Tuliimba. Nyota hazikuonekana kwa sababu ya mvua, ikabidi tuamini tu.

Kuhusu peremende. Nilipomaliza hotuba nilifumba macho. Nikamsikia mtu nyuma yangu akinong'ona: "Polepole, jamani, msimwumize." Halafu nikasikia sauti yako kutoka chini: "Polepole ya nini? Tupeni!" Ya kwanza ilitoka kwako. Najua ni yako kwa sababu ilitoka chini na haikurudi. Ilinipiga juu ya jicho la kushoto. Kisha zikaja zote. Nina uvimbe mkubwa, wa bluu, na kesho shuleni Bi. Ashdown ataniuliza.

Nilikwambia neno pale ukingoni, lakini kulikuwa na kelele nyingi na sidhani kama ulilisikia, kwa hiyo naliandika hapa.

Nyingine.